Ndege Aliyechukuliwa kwa Utani

Funguo mnazo, rafu mnayo, na nimeshasikia kwamba mteja wa kwanza mliyempokea bila mimi mlimwita "mzee" wakati ana umri wa kaka yenu. Mtajifunza. Mimi nimekaa zangu barazani Isevya, hapa Tabora, magoti yamegoma kupanda ngazi za ofisi, na mmeniomba niwaandikie habari za kesi za alama za biashara kwa kuwa chuoni mlizipitia juu juu. Nitaandika. Ya vyeo na mishahara msiyatafute humu. Ofisi yetu haikuwa na vyeo, na mishahara yake mnaijua wenyewe.

Wakili Mashaka, Mungu amrehemu, ndiye aliyefungua ofisi hii na ndiye aliyenifundisha kazi. Siku yangu ya kwanza niliingia na kitabu kinene cha sheria nimekikumbatia kifuani. Akakichukua, akakiweka juu ya kabati, akanipa pakiti mbili za majani ya chai kutoka kwa wafanyabiashara wawili waliokuwa wakigombana.

"Zinafanana?"

Nikavaa miwani, nikaanza kusoma maandishi madogo ya ubavuni. Akaninyang'anya.

"Binti, mteja hasomi. Mteja ana mtoto mgongoni, ana kidumu cha mafuta ya taa mkononi, na mwenye duka anamharakisha. Ziweke kwenye rafu, rudi mpaka mlangoni, ndipo uniambie."

Nikarudi mlangoni. Kutoka pale zilikuwa kitu kimoja. Alicheka sana, kisha akanituma nikamletee chai ya kunywa, maana ile ya kwenye rafu ilikuwa kielelezo.

Ndiyo maana nawaambia ile rafu msiitupe. Najua imejaa sabuni zilizokauka na makopo yenye kutu, na watu wapya hudhani tunauza. Mama mmoja aliwahi kuingia akitaka kiberiti, Mashaka akamuuzia. Lakini kila alama iliyoletwa kwetu niliipandisha kwenye rafu ile, nikaenda mlangoni, nikaitazama kwa macho ya mtu mwenye haraka. Mkiacha kufanya hivyo mtaanza kushindana na mawakili wenzenu badala ya kumfikiria mnunuzi.

Kesi iliyonitoa jasho mwanzoni ilikuwa ya mkate. Ndugu wawili wa hapa hapa mjini walirithi tanuri la baba yao. Tanuri waligawana bila shida, mmoja asubuhi na mwingine jioni, lakini kila mmoja aliendelea kuoka mkate wenye jina la baba na picha ya taa ya chemli. Wa jioni akaanza kupunguza unga. Wateja wakamlaani wa asubuhi. Nilimtetea wa asubuhi, tukashinda, na mpaka leo ndugu wale wakikutana msikitini kila mmoja anatafuta viatu vyake kimya. Nilijifunza kwamba jina la mtu ndicho kitu cha mwisho anachokuwa tayari kugawana, na kwamba ukishinda kesi ya namna hiyo usishangilie.

Basi nikadhani nimeona yote. Ikaja hii ya programu za kompyuta.

Mihayo alikuwa kijana wa Usoke, mtoto wa mrina asali, mrefu, mpole, mwenye kucheka kabla hujamaliza sentensi yako. Yeye na wenzake walikuwa wamepanga chumba hapa Isevya, nyuma ya fundi baiskeli, na humo wakatengeneza programu ya vituo vya kukusanyia asali. Mrina akileta ndoo, karani anaipima, mzani unazungumza na simu ya karani, na uzito unamfikia mrina papo hapo kwenye simu yake. Hakuna wa kumwambia kilo zimepungua njiani. Waliiita Mlembe, kwa jina la yule ndege anayewaongoza watu porini mpaka kwenye asali, na nembo yake ilikuwa ndege huyo ametanua mkia. Warina wasiojua kusoma walimjua ndege. Wakimwona kwenye simu ya karani, wanatua ndoo.

Alipokuja ofisini mara ya kwanza aliniamkia, nikaitikia, akakaa, akanieleza kwamba programu yao ni huria. Nikamuuliza maana yake.

"Yaani mama, msimbo wote, yale maelekezo yanayoifanya programu ifanye kazi, tumeuweka mtandaoni. Mtu yeyote auone, auchukue, aubadilishe, hata akitaka auze."

"Bure?"

"Bure."

"Mwanangu, unaumwa?"

Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akanieleza kwa namna ambayo sijaisahau. Kwao, alisema, kuchonga mzinga hakuna anayemnyima mwenzake. Ukitaka kujua gogo la mti gani linafaa, unatoboaje, unatundikaje, waulize, watakuonyesha na kukupa ugali juu yake. Lakini ukishautundika mzinga wako unauchonga alama yako. "Ukichonga ya mwenzio, mama, hapo tunaitana mbele ya wazee."

Nikamwambia basi sheria ameshaijua, kilichobaki ni kusajili. Akasema wakati upo. Kila nilipokutana naye sokoni nilimkumbusha, na kila mara wakati ulikuwepo. Tena walikuwa wamefanya kosa jingine la watu wakarimu: mchoro wa ndege waliuweka kwenye kapu moja na msimbo, chini ya leseni ile ile inayosema chukua, badilisha, gawa. Mgeni akisoma ataelewa kwamba na ndege pia ni wa kuchukua.

Sasa sikilizeni habari ya Kondo. Huyu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, fundi hodari wa programu, mwenye kampuni yake Dar es Salaam. Aliikuta Mlembe mtandaoni, akaipenda, akarekebisha vitu vingi ndani yake bila kudai chochote, akawa rafiki wa Mihayo kabla hawajaonana kwa macho. Na walikuwa watani. Ninyi vijana mnadhani utani ni kuchekeshana tu. Wanyamwezi na Wazaramo walianza utani tangu enzi za misafara, wapagazi wa huku walipokuwa wakifika pwani wamechoka, wakipokewa, wakigombana na wenyeji wao, wakifia kule na kuzikwa na wenyeji hao hao. Mimi mwenyewe ni kizazi cha watu waliokuja na misafara, wakaionja Tabora, wakasahau njia ya kurudi. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia kwako akabeba kuku, nawe huruhusiwi kununa. Na ukifa, anakuja.

Siku moja kwenye kundi lao la mtandaoni, wazi mbele ya wote, Kondo aliandika: "Mnyamwezi, programu nzuri, mwenyewe mshamba. Naichukua niifundishe ustaarabu wa pwani." Mihayo akajibu: "Chukua, Mzaramo. Chukua na jina, chukua na ndege wake, si mmezoea kula ndege wa watu. Ukishiba niletee mifupa." Kundi zima likacheka. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Kondo alichukua. Kampuni yake ikatengeneza Mlembe ya kwake na kuwauzia wanunuzi wakubwa wa asali, jina lile lile, ndege yule yule. Hata hapo sikuwa na neno. Lakini wanunuzi wakamwomba aweke makato: kila ndoo ikipimwa, programu ipunguze uzito kwa ajili ya nta na takataka kabla ya kumpelekea mrina ujumbe. Iwe asali imechujwa au haikuchujwa, inakatwa. Kubadilisha msimbo alikuwa na haki, leseni ilimruhusu. Haki asiyokuwa nayo ni ya kuyaweka makato yale chini ya mbawa za ndege wa Mihayo. Angemchora bundi, angechora sufuria, warina wangejua wanapimiwa na mtu mwingine. Na kampuni haikuishia hapo, ikapeleka ombi kwa Msajili wa alama za biashara ili jina na ndege visajiliwe kuwa vyake.

Usoke wakaanza kusema Mihayo ni mwizi. Mtu anapima nyumbani kwake, anapima kituoni, anaona pengo, anamwona ndege. Afikirie nini kingine? Mama yake, mjane, alikuwa mwimbaji wa kwaya kigangoni. Wenzake wakaacha kukaa naye benchi moja. Mlangoni kwake ikaachwa ndoo tupu ya asali imefunikwa kifuniko, naye akaielewa: mwanao ametuibia. Mihayo aliponisimulia habari ya ndoo ile hakucheka. Akasema, "Mama, mimi nisaidie jambo moja tu. Watu wa kwetu wajue si mimi."

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nina simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, ipo kwenye droo ya chini, nayo msiitupe. Nilikwenda nayo kwenye kituo cha asali, nikaweka Mlembe ya Mihayo humo, na ya Kondo kwenye simu ya karani, nikaziweka juani kama zinavyokaa siku zote. Nikamwambia Mihayo asimame pale wanapopanga foleni. "Yako ni ipi?" Akatazama. Akakunja macho, akatazama tena. Hakuweza kusema.

Tukapeleka pingamizi kwa Msajili. Wakili wa kampuni, kijana wa Dar mwenye sauti nzuri, alijibu kwa mambo mawili. Kwanza, mchoro ulikuwa chini ya leseni huria. Hilo nilikuwa na jibu lake: leseni inakuruhusu kunakili mchoro, haikuruhusu kuwaambia watu kwamba wewe ni yule aliyeuchora. Pili, mwenye jina alitoa ruhusa kwa maandishi, mbele ya mashahidi, akisema "chukua na jina, chukua na ndege". Hapo nilihitaji Mihayo ale kiapo kwamba maneno yale yalikuwa utani na kwamba Kondo, akijua hivyo, alimwibia.

Wakati huo figo zilikuwa zimemwangusha, amelazwa. Nilimkuta amevimba uso, simu sikioni, anamwambia mtu, "Fanya haraka Mzaramo wewe, njoo unizike kabla sijapona." Alikuwa akizungumza na Kondo! Lahaula. Nikasubiri akate simu, nikampa karatasi. Akaisoma yote, pole pole.

"Kwamba ni utani, nitaapa. Hili la kwamba aliniibia, siapi."

"Baba, amekuibia."

"Mtani hashtakiwi kwa alichobeba, mama. Alipochukua nilicheka. Nikiapa leo kwamba niliibiwa, nitakuwa nimekula kiapo cha uongo juu ya kicheko changu mwenyewe."

"Na mama yako? Na ndoo ile?"

Akageukia ukutani. Niliumia kuuliza, lakini niliuliza, kwa kuwa ndiyo kazi. Baadaye akasema, "Kondo atajua mwenyewe la kufanya. Mtani ana aibu, hata kama mwenyewe hajui kwamba anayo." Nikakasirika. Nikamwambia kwamba Msajili hasubiri aibu ya mtu. Nikaandika kiapo kingine chenye neno la utani tu, nikamwambia nitarudi kesho na kamishna wa viapo. Kesho yake nilipofika godoro lilikuwa limekunjwa.

Nilimpigia yule wakili wa kampuni kumjulisha. Alitoa pole ya kweli, kisha akasema, "Mama, bila yeye, hayo maneno yatasomwa kama yalivyoandikwa. Sheria haijui utani."

"Sheria haijui," nikamwambia, "lakini Msajili ana watani." Nilisema kwa ujasiri nisiokuwa nao. Nilipokata simu nililia pale pale dawatini, chini ya kile kitabu Mashaka alichokiweka juu ya kabati.

Ya kujifunza ninyi niyaseme sasa, maana nikishafika Usoke sitarudi tena kwenye sheria. Mteja wa programu huria akija, mwulizeni nembo anaiweka wapi. Msimbo kapu lake, nembo kapu lake, na juu ya kapu la nembo paandikwe nani anaruhusiwa kuitumia na kwa sharti gani. Atakayebadilisha programu abadilishe na jina. Sajilini mapema, hata kama mteja anawaona mnapenda ada. Na ruhusa yoyote iliyotolewa watu wakicheka, iombeni tena siku wasipocheka. Pingamizi lile halikuamuliwa kamwe. Ombi la kampuni liliondolewa na Kondo mwenyewe, na sababu haimo kwenye faili letu. Niliiona kwa macho, ndiyo hii.

Tulimzika Mihayo kwao. Mimi ni Mwislamu, na kwetu mwanamke hafuati jeneza mpaka kaburini, lakini pale nilikuwa mgeni wa mama mfiwa, aliyenishika mkono akakataa kuuachia, nikaenda. Katekista akaongoza sala. Watu wa ukoo walikuwepo, na wale vijana wa chumba cha Isevya. Watu wa kijiji, warina waliofanya kazi na baba yake, walisimama mbali kule barabarani wamekunja mikono. Walikuja kuona, hawakuja kuzika. Huku kwetu jirani asiyeshika koleo kwenye kaburi lako amekutukana tusi ambalo hutaweza kulijibu tena.

Kondo alikuwa ametoka Dar usiku kucha. Niliwasikia wajomba wakinong'onezana kwamba afukuzwe. Mzee mmoja akasema mtani hafukuzwi msibani, hata awe nani. Basi akafanya kazi yake. Akavaa gunia, akajipaka majivu usoni, na jeneza lilipofika akarukia kaburini, akalala chali.

"Shimo hili langu! Mnyamwezi huyu mrefu hatoshei humu, mkateni miguu! Nani kamwambia afe kabla hajanilisha? Mchoyo mkubwa!"

Watu wa ukoo wakacheka kidogo, kama ipasavyo, machozi yakiwatoka. Wakamtupia visenti, malipo ya mtani, ili atoke. Hakutoka. Akakaa kitako humo ndani, na nikaona mabega yake yanatikisika.

"Jamani," akasema, "yale makato niliweka mimi. Mihayo hakuweka. Yalipowekwa, hata kujua hakujua."

Wakaangua kicheko. "Haya, Mzaramo! Na mvua mwaka jana uliizuia wewe!" Akasema tena, kwa sauti zaidi, akapiga udongo kwa ngumi. "Ni mimi! Yeye si mwizi, mwizi mimi!" Wakazidi kucheka, kwa kuwa hayo ndiyo asemayo mtani kaburini, kinyume cha kila kitu. Kule barabarani hakuna aliyecheka wala kusogea. Nikamtazama Kondo kule chini, majivu yamechoreka mistari ya machozi. Alikuwa anasema kweli mahali ambapo kweli yake haiwezi kusadikiwa.

Mama Mihayo akauachia mkono wangu. Akainuka, akasogea mpaka ukingoni.

"Baba, toka humo."

"Mama, bado sijalipwa," akajibu, akijaribu bado.

"Toka. Humo ndani kila usemalo ni utani. Vua hilo gunia, unawe uso, uje usimame hapa useme kama mtoto aliyezaliwa na mwanamke."

Kondo akatoka akipanda kwa magoti. Akavua gunia. Dada mmoja wa marehemu akammiminia maji ya kopo, akanawa, uso ukabaki uso wa mtu tu, amechoka, shati limechanika. Akasimama kando ya jeneza, akageuka, si kwetu sisi, kwa wale wa barabarani.

"Shikamooni wazee wangu." Wachache wakaitikia. "Naitwa Kondo. Asali yenu ilikatwa na programu ya kampuni yangu. Wanunuzi waliniomba, nikakubali, nikaiacha na ndege wa Mihayo kwa sababu nilijua mnamwamini. Yeye alinipigia simu mgonjwa, ananitania, hakunitajia hata mara moja mlichomfanyia mama yake. Nimekijua leo hapa. Ndege nitamrudisha. Mihayo hakuwaibia."

Hakuna aliyecheka. Mama Mihayo hakumkumbatia, hakumshukuru, alirudi tu akakaa mkekani. Jeneza likashushwa. Katekista akatupia udongo wa kwanza, kisha wajomba, kisha nikasikia hatua nyuma yetu. Walikuwa wanakuja kutoka barabarani, mmoja, halafu wawili, halafu wote. Koleo hazikuwatosha. Waliokosa walipiga magoti wakamzika kwa mikono.